Kesi za kazi Lubumbashi: karatasi na tarehe zinazoamua nani anashinda

Patro (mwajiri) anasema: nilimfukuza kwa sababu aliiba mazutu ya jenereta. Mfanyakazi anasema: sikuiba, alitaka kumweka mpwa wake pale. Hakimu atawasikiliza wote wawili, lakini maswali yake ya kwanza ni mengine. Barua ya kufukuza iko wapi? Sababu imeandikwa ndani? Ilitolewa siku ngapi baada ya kosa kujulikana? Na mambo haya yalipita kwanza kwa ispekta wa kazi, ofisa wa Serikali anayesuluhisha magombano ya kazi? Patro mwenye haki anaweza kuangushwa na barua iliyochelewa wiki moja, na mfanyakazi mwenye haki anaweza kurudishwa nyumbani kwa sababu alikimbilia mahakamani moja kwa moja.

Sheria inayotawala hapa Kongo (RDC) ni Code du travail, yaani sheria no 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria no 16/010 ya 15 Julai 2016. Mahakama za kazi zina sheria yake, no 016/2002, ya siku ileile ya Oktoba. Code inamlinda kila aliyeajiriwa: mpishi wa nyumbani, muuzaji wa duka, dereva wa lori la barabara ya Likasi, mhasibu wa kampuni ndogo inayofanya kazi ndani ya mgodi wa wengine. Haiwahusu watumishi wa Serikali wenye statut yao, yaani kanuni zao za utumishi.

Kontra isiyoandikwa haimsaidii patro

Kuna imani mjini kwamba asiyempa mtu karatasi hana deni naye. Sheria inasema kinyume. Kontra isipoandikwa, inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho mpaka ithibitishwe vingine, na mfanyakazi anaruhusiwa kuonyesha kwa njia yoyote kwamba alikuwa kazini na kwa mshahara gani: mashahidi, badge, daftari la kuingia na kutoka, ujumbe wa simu wa kupokea pesa, picha akiwa na nguo za kampuni. Aliyekosa kuandika ndiye anayebaki bila silaha, maana hawezi tena kudai kwamba kulikuwa na majaribio au tarehe ya kumaliza.

Majaribio yenyewe, essai, lazima yaandikwe. Kikomo ni mwezi 1 kwa manœuvre asiye na ufundi na miezi 6 kwa wengine. Kontra ikisema majaribio ya mwaka mzima, yanapunguzwa hadi kikomo hicho, na mtu akiendelea kufanya kazi baada ya hapo tayari ana haki zote.

Kontra ya muda maalum haipiti miaka 2. Inashuka hadi mwaka 1 kwa mtu aliye na ndoa anayetenganishwa na familia yake, jambo la kawaida kwa wanaotoka Kasai au Kivu kuja kutumika huku. Inarudiwa mara moja tu, isipokuwa kazi za msimu na kazi chache nyingine zilizotajwa. Na kama nafasi ni ya kudumu, kama vile keshia wa duka linalofungua kila siku, kontra inatakiwa kuwa ya muda usio na mwisho tangu mwanzo. Kampuni inayompa keshia kontra ya miezi sita mara nne inajichimbia shimo: siku atakapoambiwa "kontra imeisha", mahakama itaona mtu aliyefukuzwa bila sababu.

Kwa vibarua wa siku, hesabu inayosahaulika ni 22. Kibarua akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, uajiri huo mpya ni wa muda usio na mwisho. Chukua depo ya saruji kule Kampemba inayoita watu walewale kila asubuhi na kuwalipa jioni: kufikia wiki ya tano, wengi wao si vibarua tena mbele ya sheria. Wengine hujaribu kubadilisha majina kwenye daftari. Ujanja huo unavunjika mara shahidi mmoja anaposimama, na daftari lililoharibiwa linamfanya hakimu asiamini hata kurasa zilizo safi. Kama kazi kweli ni ya siku, andika daftari lenye jina kamili, tarehe, malipo na saini au kidole, na simamisha kuita kabla ya kufika kikomo. Kibarua naye awe na daftari lake dogo. Tarehe, kazi, aliyemwita, pesa aliyopata: mistari hiyo minne inatosha.

Katika kontra, hakikisha pia yafuatayo: jina kamili la kampuni jinsi lilivyo kwenye RCCM (daftari la usajili wa biashara), kazi na mahali pa kazi, mshahara, na kama umetajwa kwa dola, ni kwa kiwango gani cha franka na cha siku gani. Magombano mengi ya mshahara yanazaliwa kwenye sentensi hiyo moja iliyokosekana. Kisha kontra ipelekwe ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, kuwekewa visa.

Kufukuza: sababu, nafasi ya kujieleza, siku

Kontra ya muda usio na mwisho haivunjwi na patro bila sababu halali, na sababu halali zina milango mitatu tu: uwezo wa mtu katika kazi, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa kampuni. Kuwa mwanamemba wa sendika, mimba, kulalamika kwa ispekta, hizo si sababu. Delegue (mwakilishi) wa sendika hafukuzwi mpaka ispekta wa kazi akubali. Kupunguza watu wengi kwa pamoja kuna njia yake na kunahitaji ruhusa ya Waziri wa Kazi. Usijaribu kukata upunguzaji huo vipandevipande, watu watano leo na watano wiki ijayo, maana siku zinajumlishwa.

Kama sababu ni uwezo au mwenendo, patro analazimika kumpa mtu nafasi ya kujieleza kabla ya kuamua. Hapa ndipo "demande d'explication", barua ya kuomba maelezo, ina kazi yake, lakini wengi wanaiandika vibaya. "Ueleze mwenendo wako mbaya" si swali. Andika tukio: "Tarehe 4 Machi, saa 2 asubuhi, hesabu ya stoku ilionyesha upungufu wa mifuko 12. Funguo ulikuwa nazo wewe. Tunaomba maelezo yako kwa maandishi katika masaa 48." Mfanyakazi asaini nakala, na tarehe. Akikataa kusaini, mashahidi wawili waandike kwamba amekataa. Na mfanyakazi ajibu, hata kama amekasirika. Kunyamaza kunaonekana kama kukubali, na jibu la mistari mitano, tulivu, linalotaja nani mwingine alikuwa na funguo, ndilo wakili wake atakaloshika miezi minane baadaye.

Faute lourde, yaani kosa zito, ndiyo inayowapoteza wengi. Inaruhusu kuvunja kontra papo hapo bila preavi (muda wa taarifa kabla kontra haijaisha), lakini kwa saa inayokimbia: uamuzi lazima uandikwe na kumfikia mwenzako katika siku 15 za kazi tangu ulipojua mambo unayomshitaki. Kama unahitaji uchunguzi, una siku 2 za kazi tangu kujua ili kumwandikia kwamba amesimamishwa. Angalia yanavyoharibika: upungufu unaonekana tarehe 4, meneja anangoja boss arudi kutoka Dubai, boss anarudi tarehe 28, barua inatoka tarehe 30. Hata kama wizi ni wa kweli, barua hiyo imechelewa. Aliye na madaraka ya kusaini asipokuwepo, aache madaraka hayo kwa mtu mwingine, kwa maandishi. Na andika mahali fulani tarehe uliyojua jambo lenyewe, kwa mfano kwenye PV (taarifa iliyoandikwa na kusainiwa) ya hesabu ya stoku, maana hiyo ndiyo tarehe ya kuanzia kuhesabu.

Barua ya kuvunja kontra, inapotoka kwa patro, lazima itaje sababu waziwazi. "Kwa sababu zinazojulikana na wewe" ni sawa na kutoandika kitu. Usirundike pia makosa saba ukidhani moja litashika, maana yale dhaifu yanachafua lile lenye nguvu. Chagua sababu uliyo na karatasi zake. Na ukiandika "nafasi imefutwa", usitangaze nafasi ileile mwezi unaofuata. Tangazo la kazi lililopigwa picha kwenye simu limeshamaliza kesi za namna hiyo.

Kufukuza kwa mdomo, getini, mbele ya mlinzi, hakuna faida kwa yeyote. Kwa mfanyakazi, hatari yake ni kwamba patro atageuka kusema "alitoroka kazi". Kesho yake rudi kazini kwa saa yako, na shahidi. Ukizuiwa, siku hiyohiyo andika barua: "Leo tarehe fulani nilifika kazini saa fulani nikazuiwa kuingia. Niko tayari kuendelea na kazi. Naomba uamuzi wenu kwa maandishi." Pata accusé de réception, yaani saini ya kwamba wamepokea. Wakikataa kupokea, itume kwa njia inayoacha alama, au umtumie huissier, afisa wa mahakama anayepeleka barua na kutekeleza hukumu. Patro naye ambaye mtu wake kweli hajaonekana, asikae kimya. Amwandikie kwenye anwani yake arudi au aeleze, akiweka tarehe, kabla ya kuandika neno lolote la kuvunja kontra.

Halafu kuna barua ya démission (kujiuzulu) inayoletwa imeshaandikwa, "saini hapa upate pesa zako leo". Usisaini. Aliyejiuzulu hana preavi ya kulipwa, na kubishana baadaye kwamba ulilazimishwa ni mlima, maana wewe ndiye unayetakiwa kuuthibitisha ulazima huo.

Hesabu ya preavi na décompte (hesabu ya mwisho ya malipo)

Preavi kutoka kwa patro ni angalau siku 14 za kazi, na kila mwaka mzima wa utumishi unaongeza siku 7 za kazi. Ikitoka kwa mfanyakazi, ni nusu ya hiyo. Inaanza kuhesabiwa kesho ya siku barua ilipofika. Siku za kazi si siku za kalenda: Jumapili na sikukuu hazimo. Kontra au convention collective (mapatano ya waajiri na sendika) inaweza kuongeza siku, kama ilivyo kawaida kwa ma-cadre, wafanyakazi wa ngazi ya juu, lakini haipunguzi.

Mfano wa hesabu. Mtunza stoku ametumika miaka 4 na miezi 5, mshahara wa mwezi ni 780 000 FC. Preavi ni 14 + (7 × 4) = siku 42 za kazi, yaani wiki saba kamili kama hakuna sikukuu katikati. Ile miezi 5 haiongezi kitu, ni miaka mizima tu. Siku moja ni 780 000 ÷ 26 = 30 000 FC. Patro asipompa muda huo, anamlipa 42 × 30 000 = 1 260 000 FC, na juu yake faida zote ambazo angezipata katika wiki hizo: nyumba, usafiri, allocations familiales (posho za familia). Makarani wengi wanazisahau hizo, na ndipo décompte inapokataliwa.

Congé (likizo) ni siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mzima kwa mtu mzima, na siku 1 zaidi kwa kila miaka mitano ya utumishi. Congé hainunuliwi wakati kontra inaendelea, hata mfanyakazi mwenyewe akiomba. Inalipwa tu kontra inapoisha. Mtunza stoku wetu alichukua congé yake ya mwaka wa nne, basi anadai miezi 5: siku 5, sawa na 150 000 FC. Kama alifukuzwa akiwa ametumika siku 10 za mwezi, ongeza 300 000. Jumla ni 1 710 000 FC, kabla ya faida na kabla ya kukata CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii) na kodi.

Masaa ya ziada: wiki ya kisheria ni masaa 45. Masaa 45 × wiki 52 ÷ miezi 12 ni 195 kwa mwezi, kwa hiyo saa moja hapa ni 4 000 FC. Masaa 6 ya kwanza ya ziada katika wiki yanaongezwa 30 %, yaani 5 200 kila moja. Yanayofuata 60 %, yaani 6 400. Siku ya mapumziko ni 100 %, yaani 8 000. Madai ya "nilifanya masaa mengi miaka mitatu" huanguka kwa kukosa tarehe. Yaandike kwa wiki, moja moja, na jina la aliyekuamuru kubaki.

Kontra ikiisha, mshahara uliobaki ulipwe katika siku 2 za kazi, na katika muda huohuo patro atoe attestation de fin de service: kazi gani, tangu lini hadi lini, na nambari ya CNSS. Asiongeze humo maneno ya "alifukuzwa kwa wizi". Kwa CNSS, linganisha mshahara uliotangazwa na ule uliokuwa unalipwa. Mfanyakazi anakatwa 5 % na mwajiri anatoa 13 %, na tofauti kati ya tarakimu hizo mbili inajitokeza miaka mingi baadaye, kwenye pensheni.

Kupokea pesa na kusaini décompte bila kubisha hakumaanishi umeacha haki zako nyingine. Hata hivyo, andika kwa mkono "sous réserve" (haki zangu nyingine nazihifadhi) kando ya saini, uepuke mabishano. Kwa patro, ushauri ni huu: kiasi ambacho hata wewe unakikubali, kilipe mara moja. Kushikilia mshahara wa siku kumi ili "kumkomesha" kunamwonyesha ispekta na hakimu upo upande gani.

Kwa ispekta wa kazi

Mahakama haipokei kesi ya mtu mmoja mmoja ambayo haijapita kwa usuluhishi wa ispekta wa kazi wa eneo hilo. Hakuna njia ya mkato, hata kwa wakili mkubwa. Barua ya malalamiko haihitaji ufundi. Weka jina na anwani za pande zote mbili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kazi, mshahara, kilichotokea, kisha orodha ya madai, kila moja na tarakimu yake. Dai ambalo hukulitaja hapa linaweza kukataliwa mahakamani kwa sababu halikusuluhishwa, kwa hiyo yaandike yote: preavi, congé, masaa ya ziada, allocations familiales, nyumba, attestation, fidia.

Angalia jina la unayemshitaki. Katika kazi za migodi, kofia ina jina la kampuni moja, kontra ina nyingine, na pesa inatoka kwa ya tatu. Tazama bulletin de paie (karatasi ya mshahara) na kontra, na kama shaka ipo, taja zote mbili.

Mazungumzo yenyewe mara nyingi huenda kwa Kiswahili, lakini PV inaandikwa kwa Kifaransa. Usisaini kabla haijasomwa na kuelezwa mbele yako, tarakimu kwa tarakimu. Mkikubaliana, PV iseme kiasi, tarehe ya kulipa kila sehemu, na itakavyokuwa ikichelewa. PV ya makubaliano inaweza kuwekewa nguvu ya utekelezaji na rais wa mahakama, lakini "patro atalipa polepole" haitekelezeki na mtu yeyote. Mkikubaliana nusu, iandikwe nusu iliyokubaliwa na nusu iliyobaki. Patro asipofika hata akiitwa tena, ispekta anaandika PV ya carence (ya kutofika), nayo inafungua mlango wa mahakama kama ile ya non-conciliation (ya kutokubaliana). Kutokufika, basi, hakumpunguzii patro lolote. Anapoteza tu nafasi ya kumaliza jambo kwa bei ndogo, bila wakili.

Muda wa kudai: mshahara, mwaka 1 tangu siku ulipotakiwa kulipwa. Madai mengi mengine ya kontra, miaka 3. Anayengoja "patro atanikumbuka" anapoteza kwanza mishahara ya zamani, mwezi kwa mwezi.

Mahakamani

Chumba kina hakimu na wasaidizi wawili, mmoja kutoka upande wa waajiri na mwingine wa wafanyakazi. Kesi inafunguliwa kwenye greffe (ofisi ya karani wa mahakama, greffier) kwa ombi la maandishi au hata la mdomo, na PV ya ispekta juu yake. Inapewa nambari ya RT, ya daftari la kesi za kazi: iandike, maana bila hiyo utazunguka korido. Unaweza kuja mwenyewe, na wakili, au na mtu wa sendika mwenye barua ya madaraka.

Panga karatasi kwa tarehe na uzipe nambari. Ujumbe wa WhatsApp uchapwe ukionyesha nambari ya simu na siku, na simu yenyewe ije siku ya kusikilizwa. Shahidi ambaye bado anakula mshahara wa patro atasikilizwa, lakini PV ya stoku iliyosainiwa siku ya tukio ina uzito kuliko wafanyakazi wanne wanaokumbuka sawasawa.

Mahakama ikiona hakukuwa na sababu halali, mfanyakazi ana haki ya kurudishwa kazini. Isipowezekana, analipwa fidia. Hakimu anaangalia aina ya kazi, miaka ya utumishi, umri na haki alizokuwa nazo, na kikomo ni miezi 36 ya mshahara wa mwisho. Hicho ni kikomo, si kiwango cha kawaida. Anayeomba 36 kwa miezi minane ya kazi anaonekana hakusoma sheria. Omba kiasi unachoweza kukieleza: miaka uliyokaa, umri wako, muda uliokaa bila kazi, barua za maombi ulizotuma tangu hapo. Preavi, congé na masaa ya ziada ni madai mbali na fidia, yasichanganywe kwenye tarakimu moja.

Hukumu ikisomwa, omba nakala na uulize greffier siku hiyohiyo tarehe ya mwisho ya rufaa. Anayelipwa ni yule ambaye huissier wake anajua mali iko wapi: benki iliyotajwa kwenye bulletin de paie, plaki za magari, anwani ya depo. Yaandike hayo ungali kazini.